Mwaka Niliomsemea Rehema

Ramadhani dereva alizikwa Jumanne. Habari ilinifikia Jumatano jioni, na Alhamisi, siku ya tatu ya matanga, nikateremka Kawempe na mkoba wangu mkononi kutafuta uchochoro ambao zamani ningeupita nimefumba macho. Sikuuona. Mfenesi uliokuwa alama yangu umekatwa, na pale lilipokuwa banda la video la Hajjati Zamu sasa panauzwa milango ya chuma. Imepangwa nje kwa safu, mikubwa kwa midogo, milango isiyo na nyumba. Nilisimama katikati yake, mwanamke ninayekaribia hamsini, nikitafuta kwa macho kitu ambacho mpita njia asingekijua. Fundi mmoja akanijia anafuta mikono. "Nyabo, unataka mlango? Hii iko na nguvu, mwizi hapana weza." Nikamwambia mlango ninaoutaka mimi ulikuwa wa mbao, ukifungwa kwa kamba ya katani, na nyuma yake walikaa wanawake sitini wakilia kwa sauti moja. Akanitazama, akaona hapa hakuna biashara, akarudi kwenye kazi yake.

Mwaka wa banda hilo nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilivyotoka Bunia na niliowaacha huko ni habari ya siku nyingine, sina hamu nayo hapa. Itoshe kusema kwamba Kampala ilikuwa imeshasahau milio ya bunduki za vita vyake, sisi Wakongo tukaja na kumbukumbu za vita vyetu, na nikapata chumba kwenye uwanja wa nyumba sita Kawempe, kimoja, chenye dirisha la ukubwa wa sahani. Ukuta uliotenga chumba changu na cha jirani haukufika juu. Fundi aliuachia hapo matofali yalipomwishia, na kati yake na bati palikuwa na nafasi ya kupitisha paka. Paka alipita. Harufu ya vitunguu ilipita. Maneno nayo yalipita, na ndiyo yaliyonifanya niwe mtu niliye leo.

Upande wa pili waliishi Asha na mumewe Ramadhani. Asha alikuwa Mnubi, mrefu, mwenye mikono ya haraka. Akikanda unga wa gurusa, mkate wao ule mwembamba, ungedhani anamwosha mtoto. Ramadhani aliendesha lori la mizigo kwenda Kongo na kurudi, mtu mpole wa uso, mzito wa ulimi. Nilipohamia pale walikuwa na miezi sita hawajasemeshana. Si kwamba walikaa kimya, la, walisema, ila hawakuambiana. Siku yangu ya kwanza niliketi uwanjani nachambua mchicha, Asha akainua kichwa kutoka kwenye sigiri yake ya makaa akaniambia, "Furaha, ambia huyo chakula iko tayari." Huyo alikuwa ameketi hatua mbili kutoka kwake, anafunga kamba za viatu. Nikababaika. Nikasema, "Kaka Ramadhani, chakula kiko tayari." Naye, bila kuinua macho: "Mwambie nimeshiba." Nikamgeukia Asha. "Dada Asha, anasema ameshiba." Nilikuwa natafsiri Kiswahili kwa Kiswahili. Uwanja mzima uliizoea kazi hiyo, kila mpangaji alikuwa ameshaifanya kwa zamu, na mimi, kwa kuwa nilikuwa mgeni na sina wa kumkatalia, wakaniachia moja kwa moja.

Leo kazi yangu ni ukalimani. Kabla ya kuanza huwa naapishwa kwamba sitaongeza wala sitapunguza neno, na kila ninapoinua mkono nawakumbuka wale wawili, nacheka moyoni kwa aibu. Kwa maana nilipunguza! Ramadhani alisema, "Mwambie kama amechoka na mimi, barabara ya kwao anaijua." Nami nikapeleka: "Anasema unaonekana umechoka, ukawatembelee ndugu zako." Alikuwa uani wakati huo na Asha yuko ndani, kwa hiyo hakuna aliyenikamata. Nilijiona nawaokoa.

Kilichowafunga ndimi nilikijua asubuhi, kabla ya uji. Ramadhani alikuwa akitoka mapema, na mlango ukishafungwa nyuma yake Asha alianza kusema na sufuria. Alizisugua kwa majivu na kuzieleza kila kitu, polepole, kwa sauti ya kawaida kabisa. Mtoto wao Jaafari aliishi miezi minne. Aliugua siku mbili, baba yake yuko Kongo, daraja limekatika, hakuna wa kumfikishia habari. Ramadhani alirudi siku ya tatu baada ya maziko. "Ulifika, ukatua mzigo, ukauliza chakula," Asha aliiambia sufuria. "Uliuliza chakula kabla hujauliza kaburi iko wapi." Mimi niko kitandani upande wa pili, shuka mdomoni, naogopa hata kumeza mate.

Sasa banda. Hajjati Zamu alikuwa na televisheni moja, deki moja, jenereta moja lenye kifua kibovu, na mabenchi ya mbao za kreti. Jioni ilikuwa ya wanaume na picha za ngumi, na mtafsiri wao alikuwa bwana mmoja aliyezitafsiri kwa Kiganda huku akijibu risasi kwa risasi za mdomo wake. Lakini Jumatano, baada ya chakula cha mchana, banda lilikuwa la wanawake. Walikuja Wanubi, walikuja Wakongo, walikuja wake wa polisi kutoka Naguru na wake wa askari kutoka Mbuya, watu wa makabila yote ambao lugha yao ya pamoja ilikuwa Kiswahili cha kambini. Walitaka picha ya mapenzi. Bwana wa Kiganda alijaribu mara moja. Mwanamke kwenye picha alipoangua kilio, yeye akapiga mlio wa bomu. Wakamfukuza kwa maganda ya njugu. Hajjati akaja uwanjani kwetu akasimama mbele yangu. "Wewe Mkongo, umesoma. Unajua kusoma Kiingereza upesi?" Nikasema najua. "Kale, basi. Njoo ushike maiki."

Sijui niieleze vipi Jumatano ile ya kwanza. Niliketi kwenye kigoda pembeni ya televisheni, uso wangu kwa wanawake, shingo nimeipinda. Banda lilikuwa na joto la miili na watoto, harufu ya njugu na mafuta ya nazi. Kisha picha ikawaka, na uso wa mwanamke ukajaa kioo chote. Hakuwa akifanya lolote. Alikuwa ameketi kwenye meza ndefu yenye sahani nyeupe, mumewe upande ule, na baina yao palikuwa na nafasi ya kutosha kulaza watu wanane. Akafumbua mdomo. Nikasoma maandishi chini, nikasema kwenye maiki, "Leo pia utatoka?" Nilisikia sauti yangu ikitoka kwenye spika ikiwa kubwa kuliko mimi. Wanawake sitini waliokuwa wakipiga kelele za kuuana wakanyamaza pamoja. Hata watoto. Mimi niliyezoea kupunguza sauti ili nisisikike kwenye nchi ya watu nilikuwa nimesema maneno matatu na dunia ikatulia kuyasikiliza. Mpaka leo nikikumbuka natikisa kichwa.

Ilikuwa tamthilia ya kaseti kumi na mbili, kaseti moja kila Jumatano, kutoka nchi ambayo sijaijua hadi sasa. Lugha yao haikuwa Kiingereza, maandishi tu ndiyo yaliyokuwa ya Kiingereza. Banda letu lilikuwa na desturi ya kuwapa waigizaji majina ya nyumbani, kwani nani atamlilia mtu asiyeweza kumtaja? Mke tukamwita Rehema. Mume alitembea amefunga mikono nyuma, wake wa askari wakasema huyu hana jina jingine ila Kanali. Kanali na Rehema walikaa nyumba kubwa, walipendana zamani, na sasa walipitana kwenye korido wakikwepana mabega. Hajjati alizitazama kaseti kabla na alijua sehemu zote za mabusu. Zikikaribia alinyanyuka kwa heshima zake zote akatupia khanga juu ya televisheni. Wanawake walimzomea. "Hajjati, toa hiyo nguo, sisi iko watu wazima!" Yeye alisimama kimya akihesabu moyoni, kisha akaivuta, na hakukosea hata mara moja.

Shida ilikuwa televisheni. Ilikuwa ya zamani na iliivuta picha kupita kiasi, ikakata ukingo wa chini. Maandishi yakiwa mstari mmoja niliyaona. Yakiwa mistari miwili, wa pili ulizama nje ya kioo. Na watu wanapogombana kwenye picha hawagombani kwa mstari mmoja. Kwenye kaseti ya nne Rehema alisimama mezani, akapiga sahani chini, akamfokea Kanali kwa dakika nzima, na mimi sioni hata herufi. Wanawake wananitazama. Nilifungua mdomo na kilichotoka ni hiki: "Ulifika, ukatua mzigo, ukauliza chakula. Uliuliza chakula kabla hujauliza kaburi liko wapi."

Mke mmoja wa polisi alitoa sauti kama amechomwa. Mwingine akaficha uso kwa mtandio. Asha alikuwa benchi la tatu, mikono magotini, hakutikisika, na mimi nikatamani ardhi inimeze na maiki yangu. Nilimwibia maneno mbele ya watu sitini, na si hao tu. Hajjati alikuwa ametundika spika nyingine ya bati kwenye mlingoti nje ili kuita wateja, na mkabala wake kulikuwa na gereji. Yeyote aliyekuwa barabarani alisikia.

Kosa halikuishia hapo. Nilikuwa nimewapa Kanali na Rehema mtoto aliyekufa, watu ambao, nikikisia, waligombania nyumba ya urithi tu. Kaseti ya sita mtoto akatokea mlangoni, mzima, mnene, amevaa sare za shule, akamrukia Rehema shingoni. Banda likashtuka. "Amefufuka?" mtu akauliza. "Huyu ni mtoto wa dada yake," nikasema kwenye maiki, "amekuja likizo." Likizo hiyo ilidumu mpaka kaseti ya kumi na mbili. Nilikuwa nimeanza uongo na ikabidi niulishe kila Jumatano, na chakula chake nilikitoa juu ya ukuta, asubuhi, kabla ya uji. Niliapa kila mara kwamba hii ndiyo ya mwisho. Kisha maandishi yakazama tena, na midomo ya Rehema ikawa inacheza, na maneno ya Asha yalikaa ndani yake sawasawa, kana kwamba yeye ndiye aliyezaliwa nayo. Nilistaajabu na niliogopa. Nchi gani ile, nyumba gani ile, na bado hasira ya mwanamke wa Kawempe ikawatosha?

Baada ya kaseti ya nane Asha alinikuta bombani. Nilijua sasa nimekwisha. Aliweka ndoo yake chini, akanitazama kwa muda. "Furaha, ile Rehema," akasema. "Inasema kama mimi." Nikainamia ndoo yangu. "Mwisho inafanya nini? Inakaa, ama inaenda?" Nikasema sijui, kaseti bado haijafika. Alijaza ndoo, akajitwika, na kabla hajageuka akasema kwa sauti ileile aliyosemea sufuria: "Mimi nangojea hiyo. Kitu itafanya, na mimi nafanya hiyo hiyo."

Kuanzia siku hiyo sikula vizuri. Jukumu la nyumba ya watu lilikuwa limeniangukia begani, mimi nisiye hata na mchumba. Nilimpenda Asha, alinipa gurusa ya moto kila asubuhi bila kuniuliza nina nini chumbani. Na Ramadhani, ambaye lori lake lilikuwa limevunjika giaboksi tangu kaseti ya tatu na limeinuliwa kwenye jeki pale gereji, alizidi kuwa mnyonge. Alikuwa akirudi na mikono ya grisi, anaketi, anasema, "Mwambie ahsante kwa chai," halafu anakitazama kikombe. Nilitaka wakae. Nilitaka mwisho mwema, kwa ajili yangu pia, kwa sababu wao ndio walikuwa nyumba pekee niliyokuwa nayo.

Kaseti ya kumi na mbili nilitazama na Hajjati asubuhi, mlango umefungwa. Rehema alipanga nguo kwenye sanduku. Kanali alisimama ngazini, hakusema kitu. Rehema alifungua mlango, akageuka, akasema maneno mawili matatu, akatoka, na mlango ukafungwa. Basi. Hajjati akazima deki. "Imeenda," akasema. Maandishi ya yale maneno ya mwisho yalizama. Nilimwambia Hajjati kwamba kuyajaza hayo kuko mkononi mwangu. Alijua ninamaanisha nini, kwa maana Kawempe nzima ilijua habari za Asha. Akasema tu, "Furaha, wanawake hawa hawatazami midomo yako. Wanatazama uso wake."

Mchana ule banda halikuwa na pa kukanyaga. Rehema alipanga sanduku lake na hakuna aliyepasua njugu. Alifika mlangoni, akageuka, uso wake ukajaa kioo kama siku ya kwanza, na midomo ikafunguka. Nikasema, "Naenda kumwona dada yangu. Nitarudi Ijumaa." Mlango ukafungwa. Kisha wakalipuka. "Uongo!" "Ijumaa gani, na uso ile!" Mtu akanitupia ganda. Asha akasimama kutoka benchi la tatu, mrefu kuliko wote, na kelele zikakatika. "Hapana rudi, huyo," akasema. "Mimi namjua." Akafunga mtandio, akapita katikati ya magoti ya watu, akatoka kwenye jua.

Nilitupa maiki nikapitia nyuma. Nilifika chumbani kwangu kabla yake, nikaketi kitandani nikitazama ile nafasi kati ya ukuta na bati. Nilisikia hatua zake, nikasikia sanduku la bati likivutwa uvunguni. Kisha hatua nyingine, nzito, za viatu vya gereji. Nikajiandaa kuitwa. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

"Ramadhani," Asha alisema.

Jina tu. Miezi tisa ilikuwa imepita bila jina hilo kutoka mdomoni mwake.

"Mimi naenda kwa dada, huko Bombo."

Kisha Ramadhani: "Nitakupeleka."

Hawakuniita. Lori lilikuwa limepona siku ileile. Niliwaona kupitia dirisha langu la sahani wakipanda, yeye upande wake na yeye upande wake, sanduku katikati. Kesho yake nikahama kwa aibu, nikaenda kupanga Mbuya. Baadaye nilisikia kwamba Asha alirudi. Nani alimrudisha na kwa nini, sikuthubutu kuuliza. Tumesalimiana kwenye harusi mbili kwa mbali, mimi nikijificha nyuma ya sahani ya pilau.

Kwa hiyo Alhamisi hii, nilipoupata uchochoro hatimaye na kuingizwa chumbani alimoketi na eda yake, amevaa nyeupe, nywele zikiwa nyeupe pia, niliamua kuutua mzigo. Nikampa pole. Kisha nikamwambia kwamba maneno ya Rehema yalikuwa yake, niliyaiba juu ya ukuta, anisamehe.

Asha alinitazama, akaanza kucheka kwa sauti ya chini, mkono mdomoni kama mtu anayejua yuko matangani. "Wewe mtoto. Unafikiri mimi nilikuwa nasema na sufuria? Ile ya kaburi, kweli, uliiba. Lakini nikiisikia kwenye banda, nikasikia na spika ya nje inasema hiyo hiyo, na lori yake iko kwenye jeki hapo ng'ambo." Akapangusa macho. "Nyumbani nikifungua mdomo, anachukua shati anaenda kwa lori. Sasa lori yenyewe haina miguu. Ataenda wapi? Kutoka siku hiyo, kila asubuhi nilikuwa nasugua sufuria karibu na ukuta wako. Nilikuwa naongeza sauti kidogo."

Karibu miaka thelathini nimebeba wizi ambao mwenye mali ndiye aliyekuwa akinipakia mgongoni.

"Basi na Bombo?" nikauliza.

"Njia yote hakusema kitu. Akanishusha, akageuza lori. Nikasema, imekwisha. Ijumaa nikasikia lori inalia nje. Natoka, namwona amesimama na viatu yake yote udongo. Anasema, 'Nimetoka kaburini. Hajjati alinionyesha. Sijala bado.'" Aliikunjua leso yake na kuikunja tena. "Nikamwuliza, nani amekuambia mimi narudi leo? Akasema, 'Wewe. Kwenye spika.'"

Maneno yale ya Ijumaa hakunipa yeye. Hayakutoka juu ya ukuta wowote. Niliyazua mimi kwa woga wangu, na wanawake sitini walinizomea. Mtu mmoja tu aliyaamini, amelala chini ya lori na spana mkononi. Tulishikana mikono na Asha, tukalia.

Nilipoinuka kuaga, aliniambia kwamba tangu mwaka ule kila Ijumaa walikwenda pamoja kwa Jaafari, labda awe safarini, na kwamba Ramadhani amezikwa ubavuni mwake. Kisha akanivuta mkono. "Kesho Ijumaa. Mimi siwezi kutoka, iko eda. Furaha, mwambie."

Ijumaa nilikwenda. Mvua ilikuwa imenyesha na viatu vyangu vilijaa udongo. Nilisimama pembeni ya lile kaburi jipya na lile dogo la zamani, nikaangalia kama hakuna mtu, nikasafisha koo.

"Kaka Ramadhani," nikasema, "Asha anasema leo hawezi kuja. Yuko eda."

Sikuongeza neno, wala sikupunguza.